Mkonge wa Babu, Kidonge cha Mama

Mwezi wa tatu mwaka juzi mama alinipigia simu kutoka Mbamba Bay. Ilikuwa saa mbili usiku. Mimi nilikuwa bwenini Dar es Salaam, kompyuta iko mbele yangu, sura ya pili ya tasnifu imegoma kuisha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyechoka. Homa ilikuwa imemshika tangu jana yake. Alikwenda kupima, kipimo kikaonyesha malaria, akanunua mseto. Alikuwa na swali moja tu.

"Hivi vidonge vyangu vya mifupa niendelee navyo, au nivipumzishe kwanza?"

Katika familia yetu mimi ndiye niliyesoma mpaka huku juu, kwa hiyo huulizwa kila kitu: mpaka wa shamba, fomu za mkopo, ujumbe wa benki, dawa. Na mimi hujibu. Nasoma historia, shahada ya uzamili, lakini sijawahi kumwambia mama kwamba jambo fulani silijui. Nikamwambia, "Vipumzishe, mama. Maliza mseto kwanza, usichanganye dawa." Nilisema kwa uhakika kabisa. Ndivyo tulivyokuzwa: ukiwa na dawa mbili, moja isubiri nyingine imalize kazi.

Mama ana baridi yabisi. Siyo yale maumivu ya uzee tunayoyaita hivyo kila magoti yanapolia, bali ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huvigeukia viungo vyake yenyewe. Ulimwanza akiwa na miaka arobaini na mbili. Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba na kukakamaa, hawezi kufunga kitenge wala kushika mwiko. Alizunguka sana kabla ya kupata jina la ugonjwa. Alipolipata alianzishiwa prednisoloni, kwanza miligramu 20 kwa siku, halafu ikapunguzwa polepole hadi 5. Siku ya simu ile alikuwa ameshaitumia miaka miwili na miezi kadhaa. Ilimrudishia mikono. Ilimpa pia mashavu ya mviringo, hata majirani wakamsifu kwamba amenawiri.

Siku ya tatu baada ya simu, mama alishindwa kuinuka kitandani. Mama mdogo, anayeishi nyumba ya pili, alimkuta anatapika, tumbo linamuuma, mwili umelegea na jasho ni la baridi. Mseto alikuwa ameumaliza. Kila mtu alidhani malaria imepanda kichwani. Wakakodi Noah wakaanza kupanda milima kwenda Mbinga. Nashukuru kwamba barabara ile sasa ina lami. Nilipokuwa mtoto, masika ilikuwa safari ya siku nzima, na mara nyingine ya siku mbili.

Katika hospitali moja mjini Mbinga walimpima malaria tena. Vimelea hakuna. Sukari ilikuwa chini sana na presha ilikuwa 70 kwa 40. Waliongeza dripu, presha ikakataa kupanda. Ndipo tabibu mmoja kijana akamuuliza mama mdogo swali ambalo mimi sikuliuliza kwenye simu: "Mama huyu huwa anatumia dawa gani kila siku?" Mama mdogo akatoa kwenye mkoba kibahasha cha karatasi, kile cha dawa, kimeandikwa kwa kalamu jina la dawa na "1x1". Tabibu alikitazama, akauliza ni lini ameacha. Akaambiwa siku tatu. Akaagiza sindano ya haidrokotisoni, miligramu 100, kwenye mshipa. Jioni ile mama alikuwa amekaa kitandani anauliza kama kuku wamefungiwa.

Nilifika kesho yake usiku kwa basi. Tabibu yule hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alichukua karatasi akanichorea figo mbili, na juu ya kila figo akaweka kofia ndogo. Hizo, alisema, ni tezi za adrenali. Kila siku zinatengeneza homoni iitwayo kotisoli, inayoshika presha, sukari na chumvi za mwili. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza kiasi ambacho, kikipimwa kwa prednisoloni, hakizidi sana miligramu 5. Akipata homa kali, akivunjika mguu au akipasuliwa, tezi zinaongeza uzalishaji mara mbili, mara tatu, hata zaidi, kwa sababu mwili uko vitani. Lakini anayekunywa dawa ya jamii hii kwa wiki nyingi, ubongo huona kotisoli ipo tele, huacha kuziamuru tezi, nazo husinyaa. Ukimnyima dawa ghafla, anabaki bila ya dukani na bila ya mwilini. Ukimnyima siku ya homa, unamnyima saa ile ile mwili unapohitaji zaidi.

"Kwa hiyo siku ya malaria," aliniambia, "hakutakiwa kupumzisha. Alitakiwa kuongeza."

Kuongeza. Nilirudia neno hilo usiku kucha kwenye benchi la wodini.

Nisingeandika haya kama yangeishia hapo. Makosa ya aina hii yapo katika nyumba nyingi. Lakini mimi ni mwanafunzi wa historia, na nikishajua kwamba jambo linajulikana, swali langu la pili ni: linajulikana tangu lini, na nani alijua? Niliporudi Dar niliiweka tasnifu kando kwa wiki mbili, nikaanza kusoma historia ya kidonge cha mama.

Habari inaanza mbali na kwetu. Mwaka 1855, daktari Thomas Addison wa London aliandika juu ya wagonjwa waliodhoofika, wakatapika, wakapoteza nguvu mpaka kufa, na walipopasuliwa tezi zile juu ya figo zilikutwa zimeharibika. Hivyo basi, kwamba mtu hawezi kuishi bila tezi hizo, jambo hilo lilianza kueleweka kabla Wajerumani hawajafika kwetu. Katika miaka ya 1930 wanakemia wawili, Edward Kendall nchini Marekani na Tadeus Reichstein huko Uswisi, walizitenga homoni zake moja baada ya nyingine. Mwenzake Kendall katika Mayo Clinic, daktari Philip Hench, alikuwa ameona tangu 1929 kwamba wagonjwa wake wa baridi yabisi walipata nafuu walipopatwa na manjano, na wanawake walipopata mimba. Alishuku kwamba mwili wenyewe una dawa mahali fulani.

Tarehe 21 Septemba 1948 Hench na wenzake walimchoma mwanamke wa miaka 29 sindano ya moja ya homoni hizo, ile iliyokuja kuitwa kotisoni. Alikuwa hawezi hata kujigeuza kitandani. Kwa siku chache akasimama, akatembea, na kabla ya wiki kuisha alitoka kwenda madukani. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Nilipoisoma habari ya mwanamke yule nilimwona mama yangu asubuhi ya kwanza alipofunga kitenge mwenyewe.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1952, jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha habari nyingine, fupi na ya huzuni. Mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa ametumia kotisoni kwa miezi alifanyiwa upasuaji wa nyonga baada ya dawa kusimamishwa. Presha ikaanguka, ikakataa kupanda, akafariki. Tezi zake zilikuwa zimesinyaa. Tangu hapo madaktari walijua kwamba mgonjwa wa namna hii haachishwi dawa anapokuwa taabani. Yaani jibu sahihi la swali la mama lilikuwa limeshachapishwa zaidi ya miaka sabini kabla mama hajaniuliza.

Nilidhani nimefika mwisho wa habari, kumbe bado. Swali lililofuata lilikuwa la kiuchumi, ambalo ndilo lililonileta kwenye historia tangu mwanzo: hiyo kotisoni ilitengenezwa kwa kitu gani?

Mwanzoni ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe wa machinjioni, kwa hatua zaidi ya thelathini za kemia, na ilipoanza kuuzwa gramu moja ilifika dola 200. Ikaanza mbio ya kutafuta mmea wenye kemikali inayofanana na homoni hizo, ili hatua zipungue. Wamarekani walikuwa na viazi vikuu vya porini vya Mexico. Waingereza, waliokuwa na uhaba wa dola baada ya vita, walitazama makoloni yao. Mwaka 1951 watafiti watatu, Callow, Cornforth na Spensley, walichapisha taarifa kwamba kemikali waliyoihitaji, hekojenini, inapatikana katika taka za mkonge. Mkonge wa Afrika Mashariki. Kampuni ya Glaxo ikaijengea kiwanda kazi hiyo, na kutoka kwenye hekojenini ikatengeneza kotisoni, baadaye na betamethasoni.

Niliisoma sentensi hiyo mara tatu, kwa sababu tasnifu niliyokuwa nimeiweka kando ilikuwa juu ya mkonge.

Naandika kuhusu manamba wa mwambao wa Ziwa Nyasa, na sababu ni babu yangu, baba yake mama. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutoka hiyo 62 ulienea Tanga, Pangani na Morogoro, mpaka Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Mashamba yalihitaji watu, na watu walitoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyowafuata mikoani kwa malori. Wilaya ya Songea ya wakati ule, iliyofika hadi ziwani, ilikuwa moja ya visima vya vibarua hao. P. H. Gulliver, aliyechapisha utafiti wake juu ya Wangoni na Wandendeuli mwaka 1955, alionyesha jinsi safari ya mkonge ilivyokuwa imegeuka sehemu ya maisha ya kijana. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuwepo kijijini. Wamatengo kule juu walikuwa wameanza kupata kahawa yao. Sisi wa chini, Wanyasa, tulikuwa na samaki na muhogo, na mnunuzi alikuwa mbali.

Babu aliondoka kijijini, kusini mwa Liuli, mwaka 1953. Alipanda Umatengo kwa miguu, akapita Mbinga, akafika Songea, akapewa namba na blanketi. Alikaa Tanga miaka sita, kwa mikataba mitatu. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, ambazo sharti uzimalize ndani ya siku 42. Mkataji alihesabiwa mizigo, kila mzigo majani thelathini. Majani yalikwenda korona, mashine inayoponda na kukwangua, upande mmoja zikatoka nyuzi, upande mwingine yakatoka maji ya kijani na makapi. Nyuzi ni kama asilimia nne tu ya uzito wa jani. Zilizobaki zote ni taka, zikimwagwa mtoni au mtaroni, zikanuka kambi nzima.

Kitu alichokichukia babu kuliko jua na kuliko nyapara kilikuwa maji hayo. "Mkonge unakula ngozi," alikuwa akisema. Mikono yake, kuanzia viganja hadi kwenye viwiko, ilikuwa na madoa meusi ya vipele vya zamani vilivyojikuna mpaka vikaacha alama. Nilipokuwa mdogo nilizihesabu alama hizo kama mtu anavyohesabu nyota. Alifariki nikiwa darasa la tano. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndani ya maji yaliyomchubua ilikuwemo kemikali ya kutengeneza dawa ya kutuliza ngozi iliyochubuka. Betamethasoni inatumika sana katika krimu za vipele. Leo krimu za jamii hiyo zipo mpaka kwenye mikorogo ya kujichubua inayouzwa sokoni.

Hapa niwe mwangalifu, maana msimamizi wangu hukata sentensi za aina hii kwa kalamu nyekundu. Sidai kwamba maji ya mkonge alioukata babu ndiyo yaliyopakiwa kwenda Uingereza. Wala kidonge cha mama hakikutoka Tanga. Prednisoloni ilianza kuuzwa mwaka 1955 na kampuni nyingine, Schering, na siku hizi dawa hizi hutengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Kwamba katika miaka ile ile ya 1950, wakati vijana wa ziwa letu wakilipwa kwa hesabu ya mizigo, taka ya kazi yao ilikuwa na thamani ambayo haikuwemo kwenye hesabu hiyo. Na kwamba katika miaka ile ile, madaktari walikuwa tayari wameandika nini cha kufanya siku mgonjwa wa dawa hizi anapopata homa.

Mambo haya mawili yalisafiri kwa mwendo tofauti. Malighafi ilitoka kwetu ikaenda. Dawa ilirudi, ikachelewa, lakini ilirudi. Siku hizi prednisoloni ni ya bei ya chini, ipo hata katika vituo vidogo, na watu wengine huinywa bila ugonjwa ili wanenepe tu. Mkoa wetu wa Ruvuma ndio ulioanza, mwaka 2003, mpango wa maduka ya dawa muhimu, ambao baadaye ulienea nchi nzima, ili mtu wa kijijini asitembee kutwa kutafuta dawa ya malaria. Mama alinunua mseto wake katika duka la namna hiyo, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Kwa upande wa dawa yenyewe, siwezi kulalamika sana. Ila maelezo hayakufika nayo. Uingereza mgonjwa wa dawa hizi hupewa kadi ya kutembea nayo, inayomwambia yeye na yeyote atakayemkuta amezimia kwamba asiachishwe ghafla. Mama yangu alikuwa na kibahasha cha "1x1".

Na alikuwa na mimi. Naliandika hili bila kujipunguzia. Ningeweza kusema kosa ni la mfumo, na sehemu ni la mfumo. Lakini mama hakuuliza mfumo. Aliniuliza mimi, na swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Mtu anayeuliza "niendelee au nipumzishe" tayari amehisi kwamba hapo pana jambo. Mimi nilimfunga mdomo kwa uhakika wangu wa msomi.

Kabla ya kuruhusiwa, tabibu yule alikaa nasi nusu saa. Aliyoyasema yalikuwa ya mama peke yake, kwa dozi yake na mwili wake, na anayetumia dawa hizi aende akaulize yake. Kwa mama yalikuwa hivi: siku za kawaida miligramu 5 asubuhi, baada ya kula. Akipata homa, anywe 5 asubuhi na 5 jioni mpaka homa iishe, kisha arudi kwenye 5. Asiachie hapo juu kwa sababu tu anajisikia vizuri, maana dozi kubwa ikizoeleka inaharibu mifupa, inapandisha sukari na presha. Akitapika kidonge kabla hakijakaa, asisubiri kupambazuka: hospitali, sindano. Akienda kung'oa jino au kupasuliwa, aseme kabla. Na kidonge cha mwisho kisiishe nyumbani kabla cha kesho hakijanunuliwa. Kupunguza ni kazi ya daktari, polepole, kwa miezi.

Nilimwomba anipe karatasi, nikayaandika yote kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwa sababu mama haoni vizuri maandishi madogo. Mstari wa kwanza unasema: NATUMIA PREDNISOLONI KILA SIKU. NIKIKUTWA NIMEZIMIA AU NATAPIKA, MSINIACHISHE. NICHOMWE HAIDROKOTISONI. Tulitoa nakala nne kwenye duka la steshenari pale stendi ya Mbinga. Moja imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, moja iko kwenye mkoba wake, ya tatu kwa mama mdogo, ya nne ninayo mimi.

Tulirudi Mbamba Bay mchana. Gari likishuka kutoka kwenye miteremko ya Umatengo, ile yenye mashimo ya ngolo yaliyopangika kama sega la nyuki, ghafla ziwa linafunguka chini. Mama alikuwa kiti cha mbele. Akaniambia bila kugeuka, "Babu yako alikuwa anasema, akirudi Tanga, akiona maji haya anajua amepona." Sikumjibu. Nilikuwa nafikiria kwamba barabara hiyo ndiyo aliyoipanda kwa miguu.

Mwezi wa kumi na moja uliopita alipiga tena, alfajiri. Homa. Nikaketi kitandani, nikaanza kutafuta karatasi yangu kwenye droo.

"Usihangaike," alisema. "Nimeshakunywa cha asubuhi. Cha pili nimekiweka kwenye kikombe, cha saa kumi na mbili jioni. Mama mdogo wako anajua. Nimepiga kukupa habari tu."

Nikamuuliza kama ametapika. Hapana. Nikamuuliza amebakiwa na vidonge vingapi. Akaenda kuhesabu, simu ikiwa wazi, nikisikia karatasi za vidonge zikikwaruzana.

"Kumi na tisa," akasema.

Nikamwambia, mama, hapo sina la kuongeza.